Pikipiki Huanguka Ikiwa Imesimama

Keti asubuhi moja ya siku ya soko karibu na lango la mpaka wa Busia, upande wa Kenya au wa Uganda, uangalie pikipiki zinavyoanguka. Ajali za mwendo huwa na mashahidi wengi na habari zake hufika redioni. Hizi nyingine hazisemwi. Pikipiki imesimama, injini imezimwa, kijana ameenda kutafuta chenji, na mama mwenye mzigo anafungua kamba ili ashushe gunia la upande mmoja. Stendi inazama taratibu katika udongo wenye unyevu, na kabla mtu hajapiga kelele trei za mayai ziko chini, usukani umepinda, na ubishi wa nani atalipa umeanza.

Ndiyo maana mwongozo huu hausemi sana juu ya kuendesha. Unaanza pale unapozima injini, kwa sababu mahali ulipoegesha ndipo panapoamua utapakia vipi, na ulivyopakia ndivyo utakavyofika, au usivyofika. Unamhusu anayefanya boda kama kazi, lakini zaidi unamhusu yule mwalimu, mkulima au mwenye duka aliyenunua pikipiki mwaka huu na kugundua kwamba kila jirani ana kitu cha kubebewa. Wa kwanza amefundishwa na steji, yaani kituo chake cha boda. Wa pili hana wa kumfundisha, na ndiye ninayemhofia.

Ardhi kwanza

Stendi ndogo ya pikipiki iko upande wa kushoto. Kenya na Uganda zote huendesha kushoto, kwa hiyo ukingo wa barabara nao uko kushoto kwako. Sasa angalia lami: imeinuliwa kidogo katikati ili maji ya mvua yatiririke kwenda mtaroni. Maana yake ukisimama ukingoni, ardhi inateremka upande ule ule ambao pikipiki inaegemea. Pikipiki tupu itavumilia. Ukiiwekea kilo 50 kwenye keria, mtu akigusa mzigo tu, inakwenda. Toka barabarani kabisa, ingia ndani hadi upate mahali tambarare, hata kama ni hatua ishirini kutoka dukani. Mzigo utabebwa hizo hatua ishirini begani, na si neno.

Ikiwa hakuna tambarare, elekeza tairi la mbele upande wa mlima na uache gia ya kwanza. Stendi ndogo hufunguka kwa kwenda mbele na hujikunja kwa kurudi nyuma. Pikipiki iliyoelekezwa bondeni ikisogea mbele kidogo inaikunja stendi yake yenyewe. Iliyoelekezwa mlimani, uzito unaikaza. Ukiacha nyutro mahali penye mteremko umeiacha pikipiki ijiamulie.

Masika ya Machi hadi Mei, na tena mvua za mwisho wa mwaka, udongo mwekundu wa huku huwa laini juu hata pale unapoonekana mgumu. Ncha ya stendi ni ndogo sana kwa uzito inaobeba. Beba kipande cha ubao kinachotosha kiganja, kitoboe, kifunge uzi, kiweke chini ya kiti. Ukishuka kiweke chini ya stendi. Jiwe bapa linafaa pia, na kopo lililopondwa si baya. Usifikirie kwamba kiangazi kimekuokoa, maana lami ya saa nane mchana hulainika, na stendi huizamia vilevile.

Stendi kubwa ndiyo ya kupakilia. Stendi ndogo ni ya kuegesha pikipiki tupu unaponunua vocha. Kuna wanaoing'oa stendi kubwa kwa sababu inagonga matuta wakiwa na mzigo. Ikiwa stendi inagonga chini, hiyo ni dalili kwamba mzigo umepita kiasi au shoki zimekufa. Kuing'oa ni kunyamazisha aliyekuwa anakuonya.

Walio karibu nawe

Malaba, ambako barabara ya kutoka Kenya inaingia wilaya ya Tororo, ni mji wa malori. Foleni za trela husubiri forodha, na kivuli cha trela wakati wa jua ni kishawishi kikubwa. Usiegeshe hapo. Dereva aliye juu kwenye kichwa cha lori haoni kilicho chini ya bampa lake la mbele, na aliye nyuma ya trela haonekani kwenye kioo chochote. Foleni haiendi kwa utaratibu. Inaruka mita kumi, inasimama, na lori lenye mzigo mara nyingine hurudi nyuma kidogo kabla ya kushika gia. Nasema hivyo hivyo kwa dakika moja ya kujibu simu. Kama ni lazima usimame upande wa foleni, simama mahali ambapo unaona uso wa dereva.

Ukisimama popote penye magari mengi, rudisha pikipiki kinyumenyume ili uso wake utazame njia ya kutokea. Kuirudisha ikiwa tupu ni kazi ya sekunde chache. Kuirudisha ikiwa na magunia, katikati ya watu, ni kazi ya wanaume watatu na matusi.

Busia kuna jambo lingine ambalo mgeni halioni upesi. Kwa miaka mingi watu wengi wenye ulemavu wamejipatia riziki hapo mpakani kwa kuvusha bidhaa kwa baiskeli zao za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Mtu wa miguu ataizunguka pikipiki yako iliyoziba njia. Mwenye magurudumu matatu hawezi kupanda ukingo wala kuruka mtaro, na mzigo alionao unaweza kuzidi wako. Acha njia ya upana wa baiskeli hiyo, na nafasi ya ziada kidogo.

Na ukitaka kusimama kwenye steji isiyo yako, salimia kwanza. Steji ina mwenyekiti wake na ina foleni yake hata kama huioni.

"Mzee, shikamoo. Naomba nisimame hapa kidogo, napakia tu."

"Marahaba. Weka kule nyuma, kijana. Hapa mbele ni zamu."

Umeshapata ulinzi kuliko kufuli. Kufuli bado lifunge, na usukani uukunje uufunge, lakini wizi wa pikipiki huzuiwa zaidi na macho ya watu wanaojua umeacha nini na utarudi saa ngapi.

Uzito na mahali pake

Kazi ya kubeba watu na mizigo kwa magurudumu mawili ilizaliwa katika mpaka huu, kwa baiskeli, miaka ya 1960 na 1970: kijana anamvusha msafiri na mabegi yake kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nyingine. Pikipiki zilikuja baadaye sana. Upande wa Kenya zilimiminika hasa baada ya serikali kuziondolea kodi zile ndogo mwaka 2008. Tabia za kupakia, hata hivyo, zimebaki za baiskeli. Mwenye baiskeli yenye keria nzito aliweza kurundika apendavyo kwa sababu mzigo ukimshinda kuendesha, alishuka akausukuma. Mwenye pikipiki hashuki. Anawasha injini na kuingia barabarani na kitu ambacho hawezi kukishikilia kikiwa kimesimama.

Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza: kama huwezi kuishikilia pikipiki wima, injini imezimwa, miguu yote miwili chini, usiondoke.

Kipimo cha pili ni hesabu. Kitabu cha pikipiki kina kikomo cha mzigo, na katika zile za cc 100 hadi 150 ambazo ndizo nyingi huku, kikomo hicho hakiendi mbali na kilo 150, wewe mwenyewe ukiwemo. Mtu wa kilo 70 amebakiwa na 80. Gunia la mahindi la kilo 90 lililozoeleka Kenya limeshavuka. Mifuko miwili ya saruji ya Tororo, kilo 50 kila mmoja, imeshavuka. Najua kwamba huonekana kila siku pikipiki zikibeba hivyo na kufika. Zinafika kwa mwendo wa dereva anayejua breki zake hazitoshi, na spoki zake anazikaza kila wiki. Wewe uliyeinunua juzi huna ujuzi huo wala fundi huyo.

Kisha mahali pa kuuweka. Keria iko nyuma ya mhimili wa gurudumu la nyuma, au karibu yote iko nyuma. Kila kilo unayoweka hapo inaibonyeza nyuma na kuinyanyua mbele, kama watoto wawili kwenye bembea ya ubao. Tairi la mbele ndilo linaloongoza, na ndilo lenye breki kubwa zaidi. Likiwa jepesi, usukani unacheza, kona inapanuka, breki inateleza. Kwa hiyo kizito kiende kitini, kati ya magurudumu mawili, kigusane na mgongo wako. Chepesi kiende keriani. Mfuko mmoja wa saruji ulale juu ya kiti, ukiwa umekunjwa ndani ya gunia lingine kwa sababu karatasi huchanika. Usiweke mzigo juu ya tangi kiasi cha kuzuia usukani kukata hadi mwisho pande zote mbili. Kuku walioning'inizwa kwenye usukani vichwa chini wanateswa, na wakitapatapa kwenye kona wanakuendesha wewe.

Kufunga

Mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu ni uvumbuzi mzuri kuliko mikanda mingi ya dukani. Inavutika, inashika, haitelezi. Ila jua huila. Ivute kabla ya kuifunga: ukiona nyufa ndogo ndogo, itupe. Tumia mpira kwa kizito kilicholegea kama magunia, ambacho hushuka njiani na kuhitaji kitu kinachokifuata. Kwa mbao, kiti au sanduku tumia kamba. Ya katani hushika fundo vizuri, ya nailoni huteleza, kwa hiyo ipige fundo mara mbili.

Funga kwenye fremu na keria yenyewe. Usifunge kwenye indiketa, wala kwenye shoki, ambayo hupanda na kushuka na kulegeza kila kitu. Kila ncha inayobaki ichomeke ndani. Ncha inayopepea huenda kwenye cheni au spoki, na gurudumu la nyuma likikamatwa ghafla hakuna ustadi utakaokusaidia.

Kama una jerikeni mbili za maji za lita 20, moja kila upande, zijaze zote hadi juu. Nusu jerikeni ni mbaya kuliko jerikeni nzima kwa sababu maji yanakimbia huku na huku. Petroli usiibebe hivyo kabisa. Biashara ya mafuta kwenye jerikeni kupitia njia za panya inajulikana mpakani pote, na wanaoifanya hawahitaji mwongozo wangu. Nasema tu kwamba ekzosi iko sentimita chache kutoka kwenye plastiki ile, na kizibo kinachovuja hakionekani ukiwa unaendesha.

Mayai ni mtihani wa aina yake. Trei moja ya mayai 30 ina uzito wa karibu kilo 1.8, kwa hiyo trei ishirini ni kama kilo 36 tu. Uzito si tatizo, tatizo ni mnara. Weka trei katika sanduku la mbao, panga mirundo miwili mifupi ubavu kwa ubavu badala ya mmoja mrefu, weka ubao juu, kisha funga kamba juu ya ubao, sio juu ya yai. Upunguze upepo wa tairi? Hapana. Wengi hufanya hivyo wakidhani wanayalinda mayai, na wanachopata ni pikipiki inayoyumba. Bajaj huandika kwa Boxer psi 25 mbele, 28 nyuma ukiwa peke yako na 32 ukiwa na mzigo au abiria. Pima asubuhi tairi likiwa baridi.

Nguruwe, ambaye pande zote mbili za mpaka huu husafiri sana kwa boda, asifungwe akikingama barabara. Alazwe kwa urefu wa pikipiki ndani ya kreti, miguu imefungwa kwa kitambaa. Mzigo wenye roho husogea wakati wake mwenyewe, kwa hiyo nusu ya mwendo wako wa kawaida ndiyo haki yake.

Godoro na masofa ni vyepesi lakini ni tanga. Trela likikupita kwenye lami kati ya Malaba na Tororo litakuvuta kwanza kwake kisha likusukume. Mabati usiyabebe kukingama hata kwa mita mia moja; ni kisu kinachopita usawa wa shingo za watoto.

Mahindi yana hasara nyingine isiyohusu kuanguka. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya aflatoksini, na ilipoyaruhusu tena siku chache baadaye iliweka masharti. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Gunia lililoshushwa kwenye matope likisubiri pikipiki, au lililonyeshewa bila turubai, linaweza kufika sokoni limeshakataliwa. Kwa hiyo unapopakia, gunia litoke juu ya turubai liende moja kwa moja kitini.

Abiria

Sheria za nchi zote mbili zinaruhusu abiria mmoja, na zinataka helmeti kwa wote wawili. Apande kutoka kushoto: ndiko ukingo ulipo, na katika pikipiki nyingi za huku ekzosi iko kulia, nayo huunguza shavu la mguu hata dakika kumi baada ya kuzima injini. Wewe uwe umeshakaa, miguu chini, breki ya mbele imeshikwa. Ukiwa na abiria na mzigo keriani, kumbuka mpangilio wa kushuka. Abiria ashuke, lakini wewe usishuke, mpaka mtu ameshika mzigo au pikipiki iko juu ya stendi kubwa. Uzito wako ndio unaoiweka mbele chini.

Kuondoka

Mzigo ukiwekwa keriani pikipiki ikiwa juu ya stendi kubwa, tairi la nyuma litagusa chini na la mbele litainuka kidogo. Hapo iko imara, lakini kuitoa ni kazi. Mwite mtu asukume kutoka nyuma huku wewe umeshika usukani na breki. Usiwashe injini ukajaribu kuitoa kwa kutia moto.

Isukume hatua tatu, shika breki ya mbele. Mzigo ukisogea, rudi ufunge upya. Tazama nyuma: taa na indiketa zinaonekana? Gunia likizifunika, dereva aliye nyuma yako hajui unakata wapi. Fungia kitambaa chekundu au kipande cha rifleka juu ya mzigo wenyewe, na usisafirishe mzigo wa hivyo usiku. Taa ya mbele pia huinuka nyuma ikibonyea, na kuwapofusha wanaokuja; ishushe kabla hujaondoka. Baada ya kilomita moja au mbili, simama tena na ukaze. Magunia yote hushuka.

Njia ya reli inayopita Malaba kwenda Tororo uivuke ukiikabili moja kwa moja. Ukiivuka kwa mshazari na mzigo nyuma, hasa chuma kikiwa kimelowa, tairi la mbele jepesi litafuata reli.

Ukiwa unavuka mpaka na bidhaa, panga mzigo ukifikiria ukaguzi. Katika vituo vya pamoja vya mpakani, na kile cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018, ukaguzi unafanyika mara moja, upande wa nchi unayoingia. Kinachoweza kuulizwa kiwe juu na nyuma, kifungwe kivyake, ili usilazimike kubomoa kila kitu mbele ya foleni. Bidhaa zilizotoka ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 zina utaratibu rahisi wa cheti cha asili kwa wafanyabiashara wadogo. Cheti hicho kiwe mfukoni, si chini ya gunia la pili. Na egesha pale afisa anapokuonyesha, kwa stendi kubwa, ubao chini yake.

Kushusha ni kupakia kwa kinyume, na watu huharakisha kwa sababu wamefika. Anza na cha juu. Mizigo ya pande mbili ishushwe na watu wawili kwa pamoja, au mmoja ashushe cha kushoto huku mwingine ameushikilia upande wa kulia. Mteja akikwambia amechelewa, mpe usukani ashike.

Ukimaliza, usiiache mipira ikining'inia keriani kwa safari ya kurudi. Ikunje, ifunge chini ya kiti pamoja na ule ubao. Pikipiki tupu inakwenda kasi, dereva amelegea, na mpira ulioning'inia unalitafuta gurudumu tangu Malaba.